Kidonge si Mdogo wa Sindano

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Nami, msomaji mpenzi, naomba ruhusa niongeze langu dogo: mdharau kidonge huenda akajuta. Najua baadhi yenu mtacheka. Kidonge? Kile kitu cheupe kinachowekwa kwenye kikombe juu ya kabati na kusahauliwa? Naam, kicho hicho.

Huku kwetu Limuru, na nadhani hata kwenu, watu wengi huamini kwamba dawa ya kweli ni sindano. Mgonjwa akienda zahanati akarudi na bahasha ya vidonge peke yake, majirani humwuliza, "Kwani hawakukudunga?" Humwuliza kwa huruma, utadhani ameporwa njiani. Wako hata wanaombembeleza daktari: "Nidunge tu, vidonge havinisaidiangi." Kwao, dawa isiyouma si dawa.

Imani hii haikuzuka hivi hivi kama uyoga. Ina chimbuko lake. Penisilini, ambayo ni kiuavijasumu, yaani dawa ya kuua bakteria, iligunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka wa 1928. Ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1940, ilibidi wadungwe, kwa kuwa asidi ya tumboni iliiharibu kabla haijafika kwenye damu. Basi wazee wetu hawakuwa wajinga. Wakati huo sindano ilikuwa na nguvu kuliko kidonge, tena kwa kweli. Lakini dunia haikusimama. Wanasayansi walitengeneza dawa za ukoo wa penisilini zinazostahimili asidi hiyo, na mwaka wa 1972 ikaanza kutumika amoksisilini, ambayo hufyonzwa vizuri sana utumboni. Dawa ikasonga mbele, imani ikabaki palepale.

Mimi sikuyajua haya kwa kusoma vitabu. Niliyajua kwa sababu ya kitindamimba wetu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula. Wanaoijua Limuru wanaijua baridi ya Julai. Ukungu hushuka juu ya mashamba ya majani chai na kukaa huko hadi saa tano. Ndugu yangu huyo, mwenye umri wa mwaka 1 na miezi 7, alikuwa amekohoa kwa siku 3. Ijumaa asubuhi aliamka akipumua mbiombio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, ilhali alikuwa kitandani. Mama alimfunga mgongoni kwa leso, nyanya akachukua mwavuli, nami nikabeba kadi ya kliniki. Tukashika njia.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mpole. Alimwomba mama amnyamazishe mtoto kwanza, akafungua shati lake, akatazama saa ya mkononi na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 54. "Mtoto wa umri huu akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka," alisema. Kisha akatuonyesha mahali chini ya mbavu. "Mama, tazama hapa. Badala ya kutokeza akivuta pumzi, panabonyea ndani. Hii ni nimonia." Alimbana kidole kwa kifaa kidogo cha kupima hewa ya oksijeni katika damu. Kikasoma 94. Akauliza maswali yake: Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea hata haamki? Mama alijibu kwamba ananyonya, na hayo mengine hayakuwapo.

Hapo tabibu akahesabu vidonge 20 vya amoksisilini, vile vya kuyeyushwa majini. Viwili asubuhi, viwili jioni, kwa siku 5.

Nyanya alishindwa kuvumilia. "Daktari, si wewe umesema ni nimonia? Halafu unampa vitu vya kuyeyusha kama peremende! Mdunge mtoto."

"Shosho," tabibu alijibu kwa heshima, "ningeona dalili mbaya ningemdunga sasa hivi na kumtafutia gari la kumpeleka hospitali kubwa. Lakini huyu ananyonya na hatapiki. Kazi ya sindano ni kufikisha dawa kwa damu. Hii nayo itafika, ila inapitia tumboni."

"Na nani atahakikisha imefika?"

Tabibu alitutazama sote watatu, mmoja baada ya mwingine. "Ni nyinyi," akasema.

Neno hilo dogo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Mtoto anayedungwa penisilini wodini hudungwa kila baada ya saa 6, mchana na usiku. Muuguzi ndiye anayejua saa, ndiye anayejua kipimo, ndiye anayeandika kwenye faili. Ukipewa kidonge, ile kazi yote ya muuguzi hutoka wodini ikahamia jikoni kwenu. Nguvu ya kidonge ni kitu kimoja, na nguvu ya wale wanaokitoa ni kitu kingine. Kimoja kikikosekana, hakuna tiba.

Vidonge viwili vya kwanza viliyeyushwa palepale mbele ya tabibu, mtoto akanywa. Tulirudi nyumbani na 18, pamoja na maagizo matatu. La kwanza, akitapika dawa kabla ya nusu saa kwisha, apewe tena. La pili, arudishwe Jumatatu akaangaliwe. La tatu, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, tusingoje kupambazuke.

Mama huchuma majani chai, naye huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Macho ya nyanya hayaoni tena mishale ya saa. Basi kazi hiyo ikaniangukia mimi. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari langu la Hisabati nikachora jedwali lenye vyumba 10: siku 5, asubuhi na jioni. Chumba cha kwanza nikakitia alama.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni niliyeyusha viwili kwenye kijiko kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto alimeza akikunja uso. Dakika 10 hazikupita, akatapika yote juu ya leso ya mama.

"Si niliwaambia!" nyanya alisema. Tayari alikuwa akifungua fundo la kitambaa chake cha pesa. "Nina mia tano hapa. Twende sokoni kwa yule wa kliniki amdunge. Mnataka kumwua mjukuu wangu na vidonge?"

Nyumba ilinyamaza. Mama alinitazama. Nilijua akilini kwamba tabibu alikuwa ametabiri jambo hilo na kutupa dawa yake, lakini kujua ni jambo moja na kumtazama mtoto akihema ni jambo jingine. Nilisema, "Mama, alisema tumpe tena. Akitapika na hii, twende hospitali kubwa usiku huu huu, si sokoni." Mama akaitikia kwa kichwa. Akamwita jirani mwenye pikipiki na kumwomba asilale mapema.

Tulimpa tena, mara hii matone machache machache, tukimpumzisha katikati. Kisha tukakaa na kuitazama saa ya ukutani. Sijawahi kukaa kwenye chumba cha mtihani nikaona nusu saa ikiwa ndefu kama ile. Dawa haikutoka.

Usiku ule nilihesabu pumzi jinsi nilivyomwona tabibu akihesabu. Saa nne zilikuwa 52. Saa nane za usiku zilikuwa 50. Sindano ingefanya nini zaidi? Sikujua. Nyanya alikaa kitini hadi asubuhi akiwa amejifunika blanketi, wala hakunisemesha. Kulipopambazuka mtoto alinyonya kwa nguvu, akameza dawa ya asubuhi bila kuitapika. Jumamosi jioni pumzi zilikuwa 44. Jumapili jioni zilikuwa 36, na pale chini ya mbavu hapakubonyea tena. Bandu bandu huisha gogo.

Jumatatu nilirudi shuleni. Nyanya mwenyewe ndiye aliyemrudisha mtoto zahanati. Tabibu alimpima, akaridhika, akaongeza vidonge viwili kufidia vile vilivyotapikwa. Niliporudi jioni nilikuta 6 mezani na vyumba vitatu vitupu kwenye jedwali. Hesabu ilikuwa sawa.

Wakati huohuo jirani yetu mmoja akabisha hodi. Ni mama mwema. Siku ambazo sisi hatuna maziwa, yeye hutuletea. "Nimesikia mtoto wenu amepona, Mungu ashukuriwe," alisema. "Sasa nisaidieni na hivyo vilivyobaki. Wangu pia anakohoa."

Msomaji, unajua desturi zetu. Jirani hanyimwi chumvi, sembuse dawa. Mama alinyamaza. Mtoto wetu alikuwa akicheza na sufuria sakafuni, anacheka, hana dalili ya ugonjwa. Nani angeamini kwamba bado anahitaji vidonge 6? Niliinamisha kichwa nikasema, "Mama, tuwie radhi. Hivi bado ni vyake. Vimebaki vya leo jioni na vya kesho."

Uso wake ulibadilika. "Haya. Siku hizi kumbe watoto ndio wanaamua mambo ya nyumba."

Maneno hayo yalinichoma. Kabla sijapata la kujibu, nyanya, yule yule aliyetaka sindano, akasema kutoka kitini pake: "Mwache mtoto. Hizo dawa zimehesabiwa. Kesho mimi na wewe tutaenda kwa daktari, aangalie na wako."

Na kweli walikwenda. Tabibu alihesabu pumzi za mtoto wa jirani, zikawa 30. Kifua hakikubonyea. Akasema ni mafua tu, na kwamba mafua huletwa na virusi ambavyo amoksisilini haiviwezi. Ampe vinywaji vya vuguvugu, amnyonyeshe, amrudishe akianza kupumua haraka. Jirani alirudi mikono mitupu akiwa amenuna. Baada ya siku chache mtoto wake alipona bila kidonge chochote. Hebu fikiria: vidonge vyetu 6 vingekatiza tiba ya mtoto mmoja na kumnywesha mwingine dawa isiyokuwa na kazi mwilini mwake.

Jambo hilo lilinitia hamu. Nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia nikamwuliza kama tabibu alikuwa akibahatisha. Alinieleza kwamba utafiti wenyewe ulifanyika papa hapa Kenya. Daktari Ambrose Agweyu na wenzake walichukua watoto 527 wenye nimonia ya kubonyea kifua kama ya ndugu yangu, katika hospitali 6 za humu nchini. Wengine walidungwa penisilini, wengine wakapewa amoksisilini ya kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Baada ya saa 48, ambao tiba haikuwafaa walikuwa kama 8 katika kila 100, na idadi hiyo ilikaribia kuwa sawa pande zote mbili. Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa limetoa mwongozo mwaka wa 2014 kwamba mtoto wa namna hiyo, asiye na dalili za hatari, aweze kutibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kumeza.

Mwalimu aliendelea. Nchini Uingereza watu 1,054 waliokuwa na maambukizi ya bakteria katika mifupa na viungo walifuatiliwa. Hayo si magonjwa ya mchezo, na kwa miaka mingi yalitibiwa kwa kutundikiwa dawa mshipani kwa wiki 6. Nusu yao walipewa dawa za kumeza badala yake. Matokeo ya mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya waliotundikiwa na asilimia 13.2 ya waliomeza. Kule Denmark wagonjwa 400 wa maambukizi ya moyo walianza kwa dawa za mshipani, na walipotulia nusu yao wakahamishiwa vidonge. Hawakufanya vibaya kuliko wenzao waliobaki na dawa za mshipani.

Sababu yake tulijifunza Kidato cha Kwanza katika somo la mmeng'enyo wa chakula, ila hatukujua kwamba tunajifunza jambo la kuokoa maisha. Kinachofyonzwa utumboni huingia kwenye damu, na damu hufika kote, mapafuni, mifupani hata moyoni. Bakteria hajui dawa iliingia kwa mlango gani. Anachojua ni kama dawa imefika kwa wingi wa kutosha na kukaa muda wa kutosha.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Sindano ina kazi yake. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyezimia, kidonge hakitamfikia. Huyo ni wa hospitali na sindano, tena upesi. Mwenye homa ya uti wa mgongo pia huanzishiwa sindano. Kuchagua kati ya hizo mbili ni kazi ya mtaalamu aliyempima mgonjwa. Si kazi ya nyanya, wala ya jirani, wala ya mwenye duka la dawa anayekuuzia vidonge vinne kwa sababu pesa zako zimeishia hapo.

Na kipimo kikatizwapo, hatari yake ni ya kale. Mwaka wa 1941 kule Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutibiwa kwa penisilini. Alikuwa mahututi, lakini siku chache baada ya kudungwa alianza kupata nafuu na hata kula. Kisha dawa ikaisha. Dunia nzima haikuwa na nyingine ya kutosha. Madaktari walifikia hata kuichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Ugonjwa ulimrudia akafariki. Yeye alikatiziwa tiba kwa sababu dawa haikuwapo duniani. Sisi tunajikatizia ilhali dawa iko juu ya kabati.

Tena madhara hayaishii kwa mgonjwa mmoja. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo hafifu, bakteria hujifunza kuishinda. Onyo hilo limetimia. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kutokana na bakteria sugu wasiosikia dawa. Kila kidonge tunachokitumia ovyo huwaongezea bakteria hao masomo.

Wenzangu wa shule ya kutwa, neno langu la mwisho ni kwenu hasa. Sisi hurudi nyumbani kila jioni. Tunajua kusoma saa na kibandiko cha dawa, na tuna daftari na kalamu. Katika nyumba nyingi hakuna mwingine aliye na vitu hivyo vyote saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa wa kwenu akipewa vidonge, usiulize kwa nini hakudungwa. Uliza maswali haya: ni vingapi, saa ngapi, kwa siku ngapi, na ni dalili gani ikitokea turudi mbio. Chora jedwali. Tia alama kila baada ya kumpa. Hesabu ikigoma, rudi ukaulize. Akitokea wa kukuomba vilivyobaki, mwambie kwa adabu kwamba havijabaki, bado vinafanya kazi, kisha msindikize zahanati.

Hapo utakuwa umefanya kazi ya muuguzi bila kuvaa sare yake.